Kufungua Inc. Marekani hatua kwa hatua: nani aingie kwenye hisa, usajili wapi, na tarehe za kutopitwa

Maswali ni yale yale kila wiki. Nifungue LLC (kampuni nyepesi isiyo na hisa) au Inc. (kampuni ya hisa)? Ni kweli Delaware hakuna kodi? Mdogo wangu yuko Mwanza, naweza kumweka kwenye hisa? Nimeona bora niyaandike yote sehemu moja ili mtu akiuliza tena apelekwe hapa.

Mfano wangu ni Texas, maana Houston na Dallas wamejaa watu wetu wanaofungua kampuni za malori, za usafi na za kuhudumia wazee majumbani. Ukiwa jimbo jingine mtiririko ni huu huu ila majina ya fomu na ada vinabadilika. Upande wa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ni mmoja nchi nzima.

Kitu ninachotaka ukishike kabla ya vyote: usianze na jina wala logo, anza na orodha ya watakaomiliki hisa na kila mmoja ana karatasi gani za uhamiaji na za kodi. Hiyo orodha ndio inaamua kampuni yako italipa kodi kwa mfumo gani, na watu wengi wanakuja kuligundua hilo wakati hela imeshaingia na ndugu wameshaahidiwa, ndipo ugomvi unapoanzia.

Je, unahitaji Inc. kweli?

Kama uko peke yako, una lori moja au unafanya usafi wa maofisi, na huna mpango wa kuingiza wawekezaji, LLC inakutosha. Ni nyepesi kuitunza na ukitaka inaweza kuomba kodi ya mfumo wa S (naueleza hapa chini) vile vile. Sioni sababu ya kujibebesha mikutano ya bodi na vyeti vya hisa kwa sifa tu.

Inc. inaleta maana pale mko kadhaa na mnataka umiliki uhesabike kwa hisa, au unatafuta wawekezaji wanaotaka kununua hisa, au una watu walioko nje ya Marekani wanaotaka kuweka hela bila kuingia kwenye shughuli za kila siku. Kampuni ya namna hii ni mtu kamili kisheria: inamiliki, inadai, inadaiwa, na mwenye hisa akifa au akiuza hisa zake yenyewe inaendelea.

Kuhusu kodi kuna njia mbili na hapa usipapase. Mfumo wa C ndio unaoupata usipoomba kitu kingine: kampuni inalipa asilimia 21 ya faida (kiwango hiki kimeanza 2018), halafu faida iliyobaki ikigawiwa kwa wenye hisa na wao wanalipa tena. Faida ya dola 100,000 inatoa 21,000 kwanza, zinabaki 79,000, na kama wewe uko kwenye kiwango cha gawio cha asilimia 15 unatoa 11,850 nyingine. Mfumo wa S kampuni yenyewe kwa kawaida hailipi kodi ya mapato ya serikali kuu, faida inapita moja kwa moja mpaka kwenye ritani zenu binafsi, mzitoe hela msizitoe. Unaonekana mtamu, ila una masharti ya nani anaruhusiwa kuwa na hisa, na masharti hayo yanawagusa wahamiaji kuliko watu wengine wote.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Majina kamili ya wenye hisa wote, anuani zao, na hali ya kila mmoja: raia, grinikadi, viza gani, au yuko nyumbani Afrika
- SSN (namba ya Social Security) au ITIN (namba ya kodi ya asiye na SSN) ya mtu atakayesimama mbele ya IRS kama msimamizi wa kampuni
- Anuani halisi ya mtaa ndani ya Texas, sanduku la posta halikubaliki kwa wakala wa usajili
- Majina matatu ya kampuni, la kwanza likikataliwa usikwame
- Dola 300 za usajili na kidogo cha juu kwa ajili ya makato ya kadi
- Imeili mpya ya kampuni peke yake. Hii wanaidharau, halafu barua za serikali zinakwenda kwenye imeili ya binamu ambaye ameshaondoka kwenye biashara

Hatua zenyewe

1. Panga umiliki. Chukua karatasi andika nani ana asilimia ngapi na ameweka nini, hela au kazi au gari. Kisha pima kila jina kwa masharti ya S: wenye hisa wasizidi 100, hisa ziwe za daraja moja, na kila mwenye hisa awe mtu (kuna aina chache za amana zinazoruhusiwa, kampuni nyingine au ubia hapana) ambaye ni raia wa Marekani au mkazi wa kikodi. Mwenye grinikadi yumo. Ndugu anayeishi Mwanza au Mombasa bila grinikadi wala uraia hayumo, hata akipewa hisa moja tu, na hiyo hisa moja inaiangusha hadhi ya S ya kampuni nzima. Mwanafunzi wa viza ya F-1 naye kwa kawaida hahesabiwi mkazi wa kikodi kwa miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, kwa hiyo mwangalie vizuri.

Na kuna hili la wanandoa ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Texas ni jimbo ambalo mali inayopatikana ndani ya ndoa kwa kawaida ni ya wote wawili. Maana yake mke au mume wako anaweza kuwa na haki kwenye hisa hata kama jina lake halipo popote, na ndio maana fomu ya kuomba S inataka sahihi yake. Sasa kama yeye bado yuko nyumbani anasubiri viza, hajawahi kukaa Marekani, haki yake hiyo inaweza kuifanya kampuni isistahili S kabisa. Ukiwa kwenye hali hii usijaze fomu ya S mpaka umekaa na CPA (mhasibu mwenye leseni) na loya, ni saa moja ya malipo ila inaokoa miaka ya usumbufu.

Kama lazima ndugu wa nje awemo, ingieni na mfumo wa C na mjue gharama yake: gawio linaloenda kwa mtu asiye mkazi linakatwa asilimia 30 kabla halijatoka, na Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania wala Kenya wa kupunguza hiyo. Akifikisha asilimia 25 ya hisa, kampuni inatakiwa kuambatanisha Fomu 5472 kila mwaka ambao kumekuwa na miamala kati yenu, iwe mkopo, malipo au nini, na faini ya kutoiwasilisha inaanzia dola 25,000. Sikutishi, ndivyo ilivyo.

Jambo jingine, kumiliki hisa na kufanya kazi ni vitu viwili. Viza nyingine zinakuruhusu kumiliki lakini hazikuruhusu kushika usukani, kupokea mshahara wala kuendesha ofisi. Muulize loya wa uhamiaji kabla hujasaini kama rais wa kampuni.

2. Chagua jimbo. Biashara iko Texas? Sajili Texas. Wale wa kwenye video wanaosema Delaware au Wyoming hawakumalizii habari. Ukisajili Delaware halafu ukafanya kazi Texas, Texas inakutaka ujisajili kama kampuni ya nje, ada dola 750, na Delaware nayo unaendelea kuilipa kila mwaka pamoja na wakala wa kule. Delaware ina maana kama unajenga kampuni ya teknolojia inayotafuta wawekezaji wakubwa, hao wanaijua sheria ya kule na ndiyo wanayoitaka.

Na ukienda huko jiandae kwa barua moja inayowatoa watu jasho. Kampuni yenye hisa 10,000,000 zilizoidhinishwa, idadi ya kawaida sana kwa hizo za teknolojia, inapelekewa hesabu ya kodi ya mwaka ya dola 85,165. Usikimbie. Hiyo imepigwa kwa idadi ya hisa. Kuna njia ya pili inayotumia thamani ya mali za kampuni, ambayo kwa kampuni changa isiyo na mali nyingi mara nyingi inashuka mpaka kima cha chini cha dola 400, unaongeza dola 50 za ripoti, unamaliza kabla ya tarehe 1 Machi.

3. Jina. Litafute kwenye SOSDirect, mfumo wa onlaini wa ofisi ya usajili ya Texas. Lazima liwe na neno linaloonyesha ni kampuni, kama Corporation, Company, Incorporated au vifupisho vyake. Jimbo kulikubali jina haimaanishi hakuna mwenye alama ya biashara inayofanana, pita pia kwenye saiti ya USPTO, ofisi ya serikali kuu inayosajili alama za biashara.

4. Wakala wa usajili. Huyu ni mtu au kampuni inayopokea barua za mahakama na za serikali kwa niaba yenu. Unaweza kuwa wewe mwenyewe, ila lazima awepo mtu kwenye anuani hiyo saa za kazi na anuani inakaa hadharani. Dereva wa lori anayekuwa barabarani wiki mbili hafai hata kidogo, alipe wakala. Na usimwandike mtu bila ridhaa yake, sheria inataka awe amekubali.

5. Fomu 201. Ndio hati ya kuanzisha kampuni ya faida Texas, ada dola 300. Inauliza jina, wakala, wakurugenzi (mmoja anatosha), idadi ya hisa zilizoidhinishwa na thamani ya kila hisa inayoandikwa kwenye hati (par value), lengo la kampuni, na nani anaiwasilisha. Kwa biashara ya kawaida hisa 10,000 zinatosha kabisa. Elewa kwamba zilizoidhinishwa ni kikomo tu, si lazima zigawiwe zote. Mkiidhinisha 10,000 mkagawa 1,000 kwa watu wawili nusu kwa nusu, kila mmoja ana asilimia 50.

Kosa la hapa: mtu anabonyeza LLC kwa mazoea halafu anajaza mambo ya hisa, inarudishwa. Kosa la pili ni kuweka anuani ya nyumbani kwenye kila kisanduku. Kila unachoandika hapa mtu yeyote anaweza kukiona.

6. EIN. Hii namba ya kodi ya kampuni ni bure kwenye saiti ya IRS yenyewe. Saiti zinazotoza dola 70 au 200 zinajaza fomu ile ile tu. Subiri kwanza Texas ikubali usajili ndipo uombe, vinginevyo jina litagongana. Maliza kwa mkao mmoja kwa sababu ukiacha dakika 15 bila kugusa inakutoa, na mwisho wake pakua barua ya kuthibitisha namba hiyo, inayoitwa CP 575, uihifadhi sehemu mbili, benki wataiomba. Msimamizi asiye na SSN wala ITIN anatumia Fomu SS-4 kwa faksi, au kwa simu kama kampuni iko nje ya nchi.

7. Kikao cha kwanza. Hapa ndipo wengi wanaruka. Andikeni kanuni za ndani: mikutano inaitishwaje, nani anapiga kura, nani anasaini cheki. Bodi ikae, ichague rais na katibu (Texas mtu mmoja anaweza kushika vyote viwili), iidhinishe akaunti ya benki, igawe hisa. Andika mukhtasari, sainini, fungua daftari la hisa lenye jina, idadi, tarehe na alicholipa. Hata ukiwa peke yako fanya. Siku mtu akikushitaki na kutaka nyumba yako, loya wake atatafuta dalili kwamba kampuni haikuwa kampuni ila ni wewe tu na mfuko wako.

Mkiwa wawili au zaidi andikeni pia mkataba wa wenye hisa. Mmoja akitaka kutoka nani ananunua, kwa bei inayopigwaje, akifa hisa zinaenda wapi, akitalikiana je. Najua kwetu kumuuliza ndugu maswali ya kifo na talaka kabla hata biashara haijaanza inaonekana ni kumtakia mabaya. Ulizeni hivyo hivyo, wakati bado mnapendana na mnakula sahani moja.

8. Omba S kama mnastahili. Fomu 2553 kwenda IRS, ndani ya miezi miwili na siku 15 tangu mwaka wa kodi wa kampuni uanze, na mwaka wa kwanza unaanza pale kampuni inapopata mwenye hisa, au mali, au kuanza biashara, chochote kitakachotangulia. Ukianza tarehe 7 Januari mwisho wako ni tarehe 21 Machi. Wenye hisa wote wanasaini, na Texas wenza wao pia kama nilivyosema juu. Sahihi ya mke ikikosekana ombi lina kasoro hata kama hesabu zote ziko sawa.

Mtu anayefanya kazi kwenye kampuni yake ya S lazima ajilipe mshahara unaofanana na kazi anayofanya. Mshahara unakatwa Social Security na Medicare, jumla asilimia 15.3, nusu kampuni nusu wewe. Faida inayobaki haikatwi hiyo 15.3, ndio unafuu wenyewe, na ndio maana kuna wanaojiandikia mshahara wa dola 10,000 na faida 90,000. IRS wanaujua mchezo huu miaka mingi na wana uwezo wa kuigeuza hiyo faida kuwa mshahara na kukudai na faini juu.

9. Benki. Nenda na hati ya Texas iliyopigwa muhuri, CP 575, kanuni za ndani, azimio la bodi na kitambulisho. Kuanzia hapo hela ya kampuni inakaa huko na hela yako kwako. Kutuma hela nyumbani kwa mama kutoka akaunti ya kampuni, kulipa karo, kuchangia harusi, hapana: jilipe kwanza mshahara au gawio, likishaingia kwenye akaunti yako changia unavyotaka. Ukiikopesha kampuni hela yako andika hati ya mkopo.

Mikataba nayo saini hivi: jina la kampuni juu, chini sahihi yako, na pembeni neno President. Ukisaini jina lako tupu umejifunga mwenyewe. Na usome kama kuna kipengele cha dhamana binafsi, wauza malori na wenye majengo wanakipenda sana, ukikisaini ile kinga ya kampuni kwa deni hilo haipo tena.

10. Leseni. Texas haina leseni moja ya jumla ya biashara, inategemea unafanya nini. Lori linalovuka majimbo linahitaji namba ya USDOT (wizara ya uchukuzi) na kibali cha FMCSA (wakala wake wa usalama wa malori), kuhudumia wazee majumbani kunahitaji leseni ya Texas Health and Human Services, na ukiuza bidhaa unahitaji kibali cha kodi ya mauzo kutoka ofisi ya Comptroller, wakusanyaji kodi wa Texas. Ukiajiri, hata kama anayelipwa mshahara na kampuni ni wewe peke yako, kuna Fomu 941 ya makato ya mishahara kila robo mwaka na usajili kwa Texas Workforce Commission.

11. Tarehe za kila mwaka, ziweke kwenye simu. Ritani ya kampuni ya S, Fomu 1120-S, tarehe 15 Machi. Ya kampuni ya C, Fomu 1120, tarehe 15 Aprili. Fomu 7004 inakupa miezi sita zaidi ya kuwasilisha lakini haikupi hata siku moja zaidi ya kulipa. Ripoti ya Texas, tarehe 15 Mei. Kampuni nyingi ndogo hazifiki kiwango cha kulipa kodi ya Texas, ambacho kiko juu ya dola milioni 2 za mauzo kwa mwaka, ila ripoti ya taarifa za kampuni ni lazima iende hata kama hudaiwi senti. Usipoipeleka kampuni inanyang'anywa haki ya kufanya biashara, na hapo wakurugenzi na maofisa wanaweza kudaiwa wao binafsi kwa madeni yatakayoingia. Mtu amehangaika na hatua zote hizi apate kinga, anakuja kuipoteza kwa ripoti fupi tu. Inaniuma kila nikiiona.

Ukikwama

*Nimechelewa Fomu 2553.* IRS wana utaratibu wa msamaha, Rev. Proc. 2013-30, unaokubali maombi ya kuchelewa mpaka miaka mitatu na siku 75 tangu tarehe uliyotaka S ianze, kama una sababu ya msingi na mlikuwa mnafanya mambo kama kampuni ya S. Jaza fomu ile ile ukieleza sababu.

*Nimepoteza CP 575.* Haitolewi tena. Piga simu IRS uombe barua ya 147C, nayo inathibitisha EIN yako, benki wanaipokea.

*Nimeletewa barua inadai dola 100 na kitu za mukhtasari wa mwaka au cheti.* Soma maandishi madogo chini, karibu kila mara utakuta imeandikwa kwamba wao sio serikali. Barua hizi zinakuja wiki chache tu baada ya kusajili kwa sababu anuani yako iko hadharani. Ukiwa na shaka ingia mwenyewe kwenye saiti ya jimbo, usitumie linki wala namba iliyo kwenye barua.

*Na ile ripoti ya wamiliki halisi ya FinCEN (kitengo cha Hazina cha uhalifu wa fedha)?* Tangu Machi 2025 kampuni zilizoundwa ndani ya Marekani zimeondolewa kwenye wajibu huo. Anayekutoza kuijaza kwa ajili ya Inc. yako ya Texas anakula hela yako bure.

*Hatukufanya biashara mwaka mzima, kuna haja ya ritani?* Ndiyo, kampuni ya hisa inawasilisha hata bila mapato. Faini ya 1120-S ni zaidi ya dola 200 kwa kila mwenye hisa kwa kila mwezi mnaochelewa, mkiwa wanne ikapita nusu mwaka piga hesabu mwenyewe.

*Ndugu wa nje alishapewa hisa na tuna S.* Simamisheni magawio na muone CPA haraka. Kuna njia ya kuomba IRS wahesabu kosa kuwa halikukusudiwa, ila kadri mnavyokaa kimya ndivyo inavyokuwa ngumu.

*Tunataka kuifunga.* Kuacha kuitumia sio kuifunga, ripoti na faini zinaendelea kuhesabika. Bodi na wenye hisa wapitishe azimio, Fomu 966 iende IRS ndani ya siku 30, ritani ya mwisho iwekwe alama kwamba ni ya mwisho, mshahara na 941 zifungwe. Kisha omba Comptroller akupe cheti kwamba hamdaiwi kodi, ukiambatanishe na Fomu 651 na dola 40 kwenda ofisi ya usajili. Akaunti ya benki ifunge mwisho kabisa, maana kuna marejesho au bili itakayokuja baada ya kudhani mmemaliza.